Mimi Si Mtu wa TRA

Naomba hili lieleweke mapema: mimi si mtu wa TRA, Mamlaka ya Mapato. Sijawahi kuajiriwa huko, sina kitambulisho chao, sina gari lao, na tangu nizaliwe sijamfungia mtu duka. Mimi ni mshauri wa kodi wa kujitegemea. Nakaa upande wako wa meza, wewe mfanyabiashara, nikusaidie kujua unachodaiwa na kuwasilisha ritani yako kabla adhabu haijaanza kuhesabiwa. Anayenilipa ni wewe. Ukikumbuka.

Sasa nenda kawaambie hivyo Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nikiingia sokoni asubuhi na begi langu jeusi na shati lililopigwa pasi, nasikia mluzi. Mmoja mfupi, wa pili kwa mbali, halafu milango ya chuma inaanza kuteremka, kra, kra, kra, fremu baada ya fremu. Dada wa vitenge, ambaye Machi nilimkokotolea makadirio yake na chai tukanywa pamoja, anatoka nyuma ya meza, anahamia mbele, anashika doti yake mwenyewe na kuuliza bei. Anamuuliza nani, sijui. Fremu nzima haina mtu mwingine. Nikifika kwa mteja niliyemfuata nakuta kufuli. Napiga simu.

"Mama, shikamoo. Niko hapa nje kwako."

"Marahaba mwanangu. Jibanze hapohapo kidogo, wanasema kuna mtu wa TRA anapita. Akishapita nakufungulia."

Basi nabaki pale nje, nimejibanza ukutani, namsubiri nipite.

Siwalaumu sana. Hofu hii ni ya zamani kuliko TRA yenyewe, ambayo imeanza kazi Julai 1996. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, wakitaka watu walazimike kwenda kutafuta fedha kwenye vibarua vyao. Waingereza wakaja na kodi ya kichwa. Tulipojitawala ikaja siku moja kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita ya kichwa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Kule Rungwe wapo wazee watakaokuonyesha migomba waliyojifichia mgambo walipopita. Mjukuu wa mmoja wao leo anauza simu Kabwe, na akisikia mluzi miguu inaondoka kabla kichwa hakijauliza. Tofauti ni kwamba babu alimkimbia mgambo. Mjukuu ananikimbia mimi, ilhali jana saa nne usiku alinipigia mwenyewe akinisihi niwahi kuja.

Watu hudhani kazi hii ina msimu mmoja halafu nakaa kula. Tarehe 7 ya kila mwezi ni kodi za mishahara. Tarehe 20 ni VAT. Januari hadi 31 Machi ni makadirio, kisha awamu zake za kulipa: mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba, wa Desemba. Na tarehe 30 Juni, wakati baridi ya Mbeya imeshaingia kwenye mifupa na vidole vinagoma kubonyeza, ndiyo siku ya mwisho ya ritani kwa kila aliyefunga hesabu zake 31 Desemba. Sheria imempa mtu miezi sita. Miezi sita! Ndani yake unaweza kupanda maharage, ukavuna, ukala na yaliyobaki ukauza. Lakini mteja wangu akisikia "kuanzia Januari hadi Juni", sikio lake linachukua Juni peke yake. Ndani ya Juni linachukua tarehe 30. Na ndani ya tarehe 30 linachukua saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo ngazi za ofisi yangu zinapoanza kulia.

Halafu kuna ile milioni tatu na laki tisa.

Sheria inasema mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Jambo jema kabisa. Kuna mama anauza mboga barabarani ambaye kumtoza ni dhambi. Tatizo ni kwamba habari hiyo imewafikia wote. Kila anayekalia kiti changu cha plastiki anauza milioni tatu na laki tisa. Muuza nguo, milioni tatu na laki tisa. Fundi wa madirisha ya alumini mwenye vijana wanne, milioni tatu na laki tisa. Kaka mmoja ana maduka mawili ya spea: milioni tatu na laki tisa, yote mawili kwa pamoja.

"Kaka," nikamwambia, "hiyo ni kama elfu kumi na mia saba kwa siku."

"Ndiyo."

"Pango unalipa shilingi ngapi?"

"Laki moja na nusu kila fremu, kwa mwezi."

"Kwa hiyo pango peke yake linakula milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Inabaki laki tatu. Hiyo laki tatu ndiyo umenunulia spea za mwaka mzima, ukawalipa vijana, ukala, na ukapandisha ile nyumba ya Isyesye mpaka kwenye lenta."

Akafikiri kwa makini. Akavua kofia.

"Mungu ni mwema, mhasibu."

Ni mwema, sikatai. Ila kwenye fomu hakuna mahali pa kumwandika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jedwali lenyewe linampendelea anayeandika. Tangu mabadiliko ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyekuwa na kumbukumbu analipa 100,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yaani ukiuza milioni 5 ukaandika, unalipa 30,000. Shilingi 70,000 zinabaki mfukoni kwa sababu ya kaunta buku na kalamu. Hili nimelisema mpaka sauti imekauka. Nimewanunulia watu kaunta buku kwa fedha yangu, nikazipiga mistari kwa rula: tarehe, mauzo, manunuzi, matumizi. Mwisho wa mwaka nazikagua. Moja imekuwa daftari la Hisabati la mjukuu, na amepata vyema nyingi kuliko bibi yake. Nyingine imechanwa yote kufungia karanga. Ya tatu imeandikwa kweli, ukurasa hadi ukurasa, majina matupu ya waliokopa, bila kiasi.

"Kiasi kiko wapi, mama?"

"Kiko kichwani. Hapo nimeandika watu wa kuwanunia."

Watu wanafikiri ninauza hesabu. Hesabu siku hizi simu inafanya, tena bila kulalamika. Ninachouza mimi ni kukumbuka. Nalipwa nikumbuke mwaka mzima ambao sikuwepo, kwa niaba ya mtu ambaye alikuwepo akaamua kusahau.

Chukua kiroba cha mama mmoja mwenye mgahawa, Soweto ya hapa Mbeya. Kilikuwa kiroba cha sembe cha kilo tano, kimefungwa mdomo kwa kamba ya mgomba, na alikiweka juu ya meza yangu kwa heshima zote. "Zote zimo," akasema. Nikakimwaga. Zilitoka risiti za mashine ya EFD, vifuniko vya soda, kadi ya kliniki, punje za mchele, na picha ya paspoti ya mwanamume ambaye mama aliitazama kwa muda, akaigeuza kifudifudi, na mimi sikuuliza. Risiti nyingi zilikuwa nyeupe, mbele na nyuma. Zile karatasi za mashine hazitumii wino; maandishi yanatokea kwa joto na yanapauka kadiri siku zinavyokwenda. Zile za chini zilikuwa na shida ya kinyume chake: kiroba kilikuwa kinaning'inia juu ya jiko la mkaa, na joto lilikuwa limeiandika karatasi nzima, pembe hadi pembe, nyeusi tii. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano. Hizi zilikuwa na miezi.

Nikainua moja kuelekea dirishani, nikaigeuza hivi na hivi, nikaambulia kivuli cha kitu kilichokuwa namba.

"Mama, hii ya nini?"

Akaichukua. Hakuiangalia. Akainusa.

"Mafuta ya kula."

"Umejuaje?"

"Si inanuka alizeti."

Nikamshauri awe anapiga picha kila risiti siku hiyohiyo anapopewa. Akasema ni wazo zuri, lakini simu yake imejaa picha za harusi. Nami kwa ujinga wa taaluma nikauliza harusi ya nani, na hapo tukaingia mahali ambapo huwa tunaingia kila mwaka.

Kwa mujibu wa sheria, matumizi yanayokatwa kwenye mapato ni yale yaliyofanyika kwa ajili ya biashara, basi. Mbolea, nauli ya mzigo, umeme wa duka, mshahara wa kijana. Ada za shule za watoto hazimo. Kipaimara hakimo. Saruji ya nyumbani haimo, hata kama ilibebwa na gari la biashara. Haya watu wanayapokea kwa huzuni lakini wanayapokea. Wanapogoma ni kwenye michango.

"Mteja wangu mkubwa kaoza binti," mama akaniambia. "Yeye analeta wafanyakazi wake kula kwangu kila mchana. Kanipa kadi ya laki moja. Nisipochanga, kesho wanakula kwa jirani. Sasa niambie wewe msomi: hiyo si biashara?"

Nimesoma, nimefanya mitihani, nimekaa semina kwenye ukumbi wenye maji ya chupa, na hakuna mkufunzi aliyewahi kunipa jibu la swali hilo. Kiuchumi mama ana hoja. Kisheria nikamwambia haiwezekani, akaniangalia kwa namna ambayo sahani yangu ya wali siku hiyo ilikuja bila nyama.

Wa zaka ni rahisi kidogo. Mbeya ni mji wa makanisa, na kila mwaka yupo anayetaka fungu lake la kumi litolewe kwenye kodi kwa maelezo kwamba kuna mwenye haki ya kwanza. Namweleza kwamba kuna nafuu kwa michango ya hisani kwa taasisi zinazotambuliwa, ila ina ukomo wa asilimia 2 ya mapato ya biashara, na lazima uwe na hesabu zilizoandaliwa. Anasema Mungu anataka kumi. Namwambia sheria inaishia mbili. Tunaachana bila kusameheana.

Sasa tufike kwenye namba za siri, maana hapo ndipo nywele zangu zilipoishia.

Siku hizi kila kitu ni mtandaoni, na nakubali ni nafuu kuliko foleni za zamani. Unaingia kwenye akaunti ya mlipakodi, mfumo unatuma namba kwenye simu iliyosajiliwa, unaiandika, unaendelea, unapata kontroli namba, unalipa. Kwa mtu aliyejisajili mwenyewe ni kazi ya kupepesa jicho. Lakini wateja wangu walisajiliwa na vishoka. Kijana mwenye kompyuta, printa na mwavuli aliwafungulia namba ya mlipakodi, TIN, mtaa mzima, na alipofika penye namba ya simu akaandika yake, kwa sababu mama hakuikumbuka ya kwake na watu walikuwa wengi. Barua pepe pia akaweka yake, ileile kwa wote. Baadaye kijana akaona maisha ni Tunduma, akahamia mpakani kubadilisha kwacha. Na funguo za mtaa mzima akaondoka nazo mfukoni.

Kwa hiyo tarehe 30 Juni, saa moja usiku, mteja kakaa mbele yangu amejifunika kitenge, napiga simu Tunduma.

"Kaka, kuna namba imeingia kwako sasa hivi?"

"Zimeingia nyingi. Unataka ya nani?"

"Ya mama wa mgahawa."

"Mgahawa gani? Leo nimeshaulizwa na wengine wengi wa migahawa. Wewe ni yule wa juu ya duka la dawa?"

"Ndiye."

"Basi nitumie kwanza ya vocha."

Namtumia ya vocha. Wakati anahakiki kama imeingia, muda wa namba unakwisha, tunaanza upya. Nimewahi kuwaza kwamba mwenye mamlaka ya kweli juu ya mapato ya Nyanda za Juu Kusini si kamishna wala waziri. Ni yule kijana wa kwacha, na siku akipoteza laini yake tutaanza kuhesabu upya tangu Wajerumani.

Na usifikiri wateja wanatutofautisha, mimi na vishoka. Cheti changu cha Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kiko ukutani, kwenye fremu ya kioo, nikiwa nimekitolea jasho la miaka. Mteja mmoja alikitazama kwa muda mrefu, akasifia mhuri, halafu akauliza natengeneza kwa bei gani.

Iringa ni habari nyingine. Nina wateja kule, hivyo Machi na Juni napanda basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 300 kupitia Chimala, Igawa, Makambako na Mafinga. Jirani wa kwenye siti akiniuliza kazi yangu nasema nauza mbegu za mahindi. Nilijifunza zamani: ukisema kodi, mpaka Makambako umeshachukiwa na siti tatu mbele na tatu nyuma, na kondakta anakataa kukupa chenji. Mbegu hazina ubaya. Watu wanauliza za mwinuko, nawaambia waende Uyole, na hilo ni kweli.

Mteja wa Mbeya anabisha kwanza ndipo analipa. Wa Iringa anakubali kwanza, na hapo uanze kuogopa. Unamsalimia "kamwene", anaitikia kwa upole, anakukaribisha, anakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza, anasema "sawa". Neno hilo moja. Utarudi Mbeya ukiwa na furaha, na wiki ijayo ukipiga simu utakuta hakuna alichofanya kati ya yale mliyokubaliana. "Si ulisema sawa, baba?" "Nilisema sawa nimesikia."

Pale Miomboni nina dada wa vipodozi ambaye kila mwaka namkumbusha kuhusu kodi ya zuio. Mfanyabiashara aliyepanga fremu anatakiwa akate asilimia 10 ya pango na kuiwasilisha, mwenye nyumba apewe iliyobaki. Ukisoma kwenye kitabu ni sentensi moja tu. Nenda ukaisome mbele ya mwenye nyumba. Tulikwenda pamoja, mimi na dada, tukakuta mzee anaota jua kwenye kigoda, tukashika vichwa kwa heshima, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, njema. Nikaeleza. Mzee akamgeukia dada.

"Mwanangu, wewe nilikupa fremu au nilikupa uafisa wa kodi?"

Dada akaniangalia mimi. Nikaeleza tena, na vifungu, mkataba wa pango mkononi. Mzee akasema hana ugomvi na serikali: asilimia 10 ikatwe tu, na pango lipande asilimia 10 ili kila mtu aridhike. Kisha akaongeza kwamba mkataba ule wa laki moja tunaousoma ni ule wa kuonyesha watu. Wa kwao wawili uko ndani, chini ya godoro, na una tarakimu nyingine. Nikajikuta ninatazama jiwe la Gangilonga kwa shauku kubwa ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa jiwe. Dada alibaki na uamuzi wake. Mimi nilichomwambia ni kwamba jina langu haliendi kwenye karatasi yenye mkataba wa kuonyesha watu, na chai tukanywa kimyakimya.

Mteja wangu wa mbao yuko Mafinga, na huyo naweza kumwandikia kitabu. Anapasua paina, anapeleka mzigo Iringa na kwingineko, na mashine ya EFD anayo, ipo kwenye kabati, imevishwa kitambaa cha kufuma ili isipate vumbi. Mashine hizi zilianza kwa waliosajiliwa VAT mwaka 2010, zikaja kwa wafanyabiashara wengine kuanzia 2013, na maduka yakafungwa kwa migomo katika miji kadhaa. Mzee hakugoma. Aliinunua, akaifunika.

"Kumbukumbu zako za mwaka ziko wapi, baba?"

Akanipeleka stoo. Nyuma ya mlango wa mbao, kuanzia juu hadi kwenye bawaba ya chini, kulikuwa na chaki. Mbili kwa nne upande wa kushoto, moja kwa nane upande wa kulia, vijiti vinne na cha tano kikivikata, safu kwa safu. Mzigo uliolipwa umewekewa duara, ambao haujalipwa umewekewa msalaba, na mteja aliyekufa akidaiwa amewekewa msalaba ndani ya duara. Nilisimama mbele ya ule mlango nikiwa na heshima. Ulikuwa umepangwa vizuri kuliko hesabu nyingi nilizoletewa kwenye kompyuta. Nikahesabu vijiti mpaka shingo ikauma, nikapiga picha, nikamwambia hata hivyo sheria inataka kumbukumbu zikae miaka mitano.

"Mlango huu," akasema, "nimeutengeneza mwaka niliooa. Mwanangu wa kwanza ana watoto watatu."

Nikamwomba basi asiupake rangi.

Katikati ya yote haya, Juni ndiyo mwezi wa bajeti. Waziri anasoma hotuba Dodoma, wateja wanaitazama kwenye televisheni ya baa, na kabla hajamaliza simu yangu imeshapata moto. "Mhasibu, nimesikia wamepunguza." Namwambia hayo ni mapendekezo, Bunge likipitisha yataanza tarehe 1 Julai, na ritani tunayoshughulikia ni ya mwaka uliokwisha. "Kwa hiyo nisubiri?" Usisubiri. "Haya, ngoja nisubiri kidogo."

Na malipo yangu? Hapo nako kuna somo. Kwa kuwa natoa huduma ya kitaalamu, lile jedwali la nafuu la wafanyabiashara wadogo halinihusu. Natakiwa kuandaa hesabu zangu kamili. Naziandaa. Shida ni kwamba nusu ya mapato yangu hayaingii benki, yanaingia jikoni. Nimelipwa gunia la viazi. Nimelipwa mkungu wa ndizi kutoka Tukuyu, kuku wawili waliokuwa wanachukiana, parachichi, na mchele ambao mwenyewe ameapa ni wa Kyela huku stakabadhi ya ushuru wa mazao ikisema Igurusi. Niliponyoosha kidole kwenye stakabadhi, mama wa mchele akacheka: "Mwanangu, Igurusi nani atanunua?" Machi mmoja mteja wa Iringa aliniletea dumu la ulanzi. Malipo kwa vitu nayo ni mapato, thamani yake inahesabiwa kwa bei ya soko, kwa hiyo nikakaa kuandika: viazi bei ya sokoni, kuku bei ya sokoni, ulanzi. Ulanzi bei yake inategemea saa. Wa asubuhi mtamu una bei yake, wa jioni uliokwishachacha una yake, na mimi lile dumu nililipokea saa sita mchana.

Kompyuta yangu ya mkononi, sheria inaniruhusu kuikatia uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka. Nimetafuta kwenye majedwali yote. Mgongo haumo.

Tarehe 2 Julai mwaka huu simu ikaita mapema, nikiwa bado chini ya blanketi. Alikuwa mzee wa mbao. Akanishukuru sana, akaniombea kwa Mungu, akasema hesabu za mlango zimekubali na hata yeye amelala usingizi. Nikaona hapa hapa ndipo pa kugusia ada yangu, ambayo ni ya tangu Machi.

"Hilo ndilo nililokupigia," akasema. "Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba serikali, na ukubwa wake wote, inakubali kulipwa kwa awamu nne."

"Ndiyo, baba, lakini..."

"Basi nami nitakulipa hivyohivyo. Machi imeshapita na Juni imeshapita, hatuwezi kuzirudisha. Tuanze Septemba."

Nikasema sawa. Sawa ya Iringa.

"Na kitu kingine, mwanangu. Nasikia redioni kila siku, ukinunua dai risiti. Ile yangu, ya fedha yote, nitumie leo."